Jibu langu kwa waliocheka picha ya mbeleko

Jumapili iliyopita mke wangu aliweka picha kwenye grupu la ukoo. Ni mimi huyo, jikoni kwetu Göteborg, Sweden, nasugua sufuria la ugali, binti yetu wa mwaka na miezi mitatu kalala mgongoni kwa mbeleko ya kanga. Sikujua kama napigwa picha. Nakuja kukausha mikono, simu imejaa.

Bamdogo wa Mbagala: "Kumbe Ulaya ndiko mnakokwenda kuolewa?" Binamu mmoja akauliza limbwata la huko linawekwa kwenye chai au kwenye supu. Shangazi wa Kigogo alituma sauti ya dakika tatu, nusu kicheko nusu kilio, akamalizia kwamba ameikuza ile picha mpaka akasoma maandishi ya kanga: "Usisafirie nyota ya mwenzio. Sasa wewe, mwanangu, unasafiria nyota ya nani?" Halafu dada yangu, ambaye yeye hana utani: "Hebu tuambie ukweli. Wanaume wa huko ndivyo wanavyoishi, au wewe umekaliwa?"

Siku ile nilirusha vile vikatuni vya machozi ya kucheka nikanyamaza. Leo mtoto kalala, nina kama saa moja hivi. Dada, nakujibu.

La kukaliwa tulimalize kwanza. Mke wangu hana huo muda wa kumkalia mtu. Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri yuko mlangoni anavaa viatu kwenda kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akirudi jioni miguu imevimba. Aliye likizo ni mimi. Likizo ya uzazi, ndiyo, mwanaume mzima, miezi saba, na ninalipwa.

Hesabu yake iko hivi. Kwa kila mtoto Sweden inatoa siku 480 kwa wazazi wawili. Siku 390 unalipwa karibu asilimia 80 ya mshahara, ingawa kuna kikomo, na 90 zilizobaki ni kishika uchumba tu, krona 180 kwa siku. Mnagawana nusu kwa nusu, na unaweza kumwachia mwenzako sehemu ya zako. Ila kuna siku 90 za mama ambazo hazihami, na 90 za baba ambazo hazihami. Baba akijifanya ana kazi nyingi, siku zake zile haziendi kwa mama, zinapotea na hela yake. Hapo ndipo walipotukamatia. Mnamjua Mzaramo gani, Mpogoro gani, Mchaga gani anayeangalia hela yake inapotea hivihivi?

Wala msidhani Waswidi walizaliwa hivi. Mfumo walianza 1974, na mwaka huo akina baba walichukua nusu asilimia ya siku zote. Nusu asilimia, sikukosea. Serikali ikaona aibu, ikatoa mabango: mwaka 1978 wakampiga picha mnyanyua vyuma wao maarufu, Lennart Dahlgren, pande la mtu, kakumbatia kichanga, ili wanaume waone misuli haiyeyuki. Wanaume wakaliangalia bango, wakapita. Mambo yalianza kusogea ilipokuja ile ya usipochukua inapotea: mwezi mmoja 1995, wa pili 2002, wa tatu 2016. Leo akina baba wamefika karibu asilimia 30. Miaka hamsini, na nusu bado hawajaifikia. Mzee mmoja kazini kwangu alinisimulia bila aibu kwamba yeye siku zake alizichukua msimu wa kuwinda, akaingia msituni na bunduki, mtoto kamwacha na mama yake vilevile.

Kwa hiyo Bamdogo, si kwamba mwanaume wa huku ana moyo wa maziwa na wa kwetu ana moyo wa jiwe.

Na mimi sikuanza na huyu wa mbeleko. Mkubwa wetu, ambaye sasa ana miaka tisa, alizaliwa Dar, na mnajua nilivyokuwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, akijifungua zaidi ya mmoja siku 100, na baba siku 3 za malipo, zitumike ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Nilizitumia hivi: ya kwanza nilishinda nje ya geti la hospitali na kikapu cha chupa ya chai na mtori, ya pili nikapongezwa kijiweni, ya tatu nikalala. Ya nne nikarudi kazini. Mama mkwe alikuwa ameshashuka kutoka Tanga na beseni lake la kumkandia mzazi, chumba kikawa chake. Nikisogea mlangoni nasikia anajitanda upya, na mimi kwa heshima ya mkwe nageuza. Siku arobaini nililala sebuleni. Mtoto nilikuwa naletewa kafungwa vizuri kama zawadi, namtazama, namrudisha.

Baada ya hapo akaja dada wa kazi kutoka Singida. Naomba tusimruke huyu. Tunaposema "mama zetu mbona waliweza", nyumba nyingi za Dar zilizoweza ziliweza kwa mgongo wa binti wa watu, mwingine hata kumi na sita hajatimiza, analala wa mwisho anaamka wa kwanza. Mimi na mke wangu tulikuwa wazazi wa kisasa, tunapishana kazini, na aliyekuwa anajua mwanangu anapenda uji wa namna gani ni yeye. Mtoto anafika miaka miwili sijawahi kumwogesha hata mara moja. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyeniomba.

Huku sina mama mkwe, sina dada wa kazi, jirani wa mlango wa pili tunasalimiana kwa kichwa. Nilibadilishwa na kukosa watu, dada yangu. Uzungu haukuhusika.

Siku ya kwanza ya zamu yangu ilikuwa Oktoba. Nilijiona fundi, maana mke wangu alibandika karatasi kwenye friji. Ila baridi ilipoingia ndipo nikajua mtoto wa huku anavyotolewa nje. Unaanza na nguo ya ndani ya sufu, juu soksi mbili, suruali, sweta, halafu lile ovaroli nene kama godoro, kofia, glovu ambazo vidole gumba havitaki kuingia. Dakika ishirini, yeye analia, mimi jasho linanitoka kama nimepanda mwendokasi saa kumi na moja jioni. Nimemaliza, zipu imefika kidevuni, nafungua mlango. Akakunja uso. Akawa mwekundu. Nikasikia. Nikakaa chini pale kwenye viatu nikamwangalia, naye akaniangalia, akacheka. Tukaanza kuvua.

Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Kuna wiki nilikuwa sijaongea na mtu mzima yeyote isipokuwa mke wangu, naye amechoka. Kuna siku nililia kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mashine zinazunguka, mtoto kwenye kigari ananitazama. Hilo sikuwahi kulisema kwenye grupu. Wanawake wakisoma hapa najua wanasema "ehee, umeonja". Nimeonja. Mkubwa alipozaliwa nilikuwa narudi saa mbili usiku nauliza, "Sasa wewe mchana kutwa ulikuwa unafanya nini?" Swali hilo nimelilipia.

Ila na nyie akina mama niwaambie. Mke wangu mwanzoni alikuwa anapiga simu kila mapumziko: kala nini, kalala saa ngapi, mbona analia. Jioni anafungua kabati anazikunja upya nguo nilizokunja mimi. Siku moja nikamwambia basi baki wewe. Tulinuniana siku mbili. Baadaye alikiri kwamba kilichomuuma ni kuona mtoto kaanguka, kainuka, kamkimbilia baba. Mama naye ana kiti chake, kukipisha si rahisi.

Sasa Februari tulikuja Dar wiki tatu, wengi mlituona. Hapa nina la kuungama. Tulishuka kwenye daladala pale Tandika, mimi mtoto nimembeba kifuani kwa kile kibebeo cha mikanda. Tunatembea, tumefika karibu na kijiwe cha kahawa, nikaona sura ninazozijua: wale niliocheza nao chandimu, wale walionichangia harusi. Nikasimama nyuma ya meza ya nyanya, nikafungua mikanda, nikamkabidhi mke wangu mtoto. Nikapita kijiweni mikono mitupu, nikagonga tano, nikanunua kahawa na kashata. Mke wangu hakusema neno. Tulipokata kona akanirudishia mtoto na kile kibebeo, akaniambia, "Haya, hapa hawakuoni."

Wiki hiyohiyo mtoto akapata homa, nikampeleka hospitali moja ya karibu, mimi na yeye tu. Dirishani nikaulizwa, "Mama yake yuko wapi?" Kwa kupima uzito, "Mama yake hajaja?" Kwa daktari, "Naomba niongee na mama." Wakati namjua mtoto kwa dakika: homa ilianza saa ngapi, kanyonya mara ngapi, kapata choo cha rangi gani. Kwenye benchi mama mmoja akamchukua mikononi mwangu, "Lete nikushikie, baba," kwa huruma kabisa, kama vile nimebeba yai barabarani. Hakuwa na ubaya. Lakini hivyo ndivyo tunavyofundishwa kwamba hatuwezi: kwa huruma.

Wakati huohuo, nani kasema wanaume wa Dar hawajui kazi za ndani? Kijana kapanga chumba Sinza, anafua, anadeki, anapika wali nazi wa kumfunga mdomo mama yake. Pilau la harusi sufuria la kuzamia mtu linapikwa na wanaume. Chipsi mayai za mji mzima zinakaangwa na nani? Ila mtu huyohuyo akioa, kesho yake mikono inapooza. Nilimuuliza mkaanga chipsi mmoja kule kama nyumbani anapika, akaniangalia kama nimemtukana.

Kitu kimoja kilinishangaza kuliko vyote. Baba yetu, ambaye sisi tukimsikia anafungua geti akitoka bandarini tulikuwa tunazima redio, alimchukua mjukuu barazani, akamlaza kwenye bega. Wenzake wakaja na bao lao. Nikasema sasa atamrudisha. Hakumrudisha. Alicheza mkono mmoja, anakokota kete, mwingine unampiga mtoto mgongo taratibu, na udenda unatiririka kwenye shati lake la kitenge. Wazee wale wale ambao mimi ningewakimbia hakuna aliyecheka. Mmoja akasogeza stuli ili babu aegemee. Babu ruhusa anayo. Miaka thelathini iliyopita, mtu yuleyule, hakuwa nayo. Nilipomuuliza jioni kama sisi alitubeba hivyo, akasema, "Nyinyi mlikuwa na mama yenu," akaomba maji ya kunawa.

Na mabadiliko nimeyaona, nisiwasingizie. Pale Mlimani City vijana wanasukuma troli na mtoto kakaa ndani, wala hawatazami pembeni. Ndani ya mwendokasi nilimwona baba mmoja kavaa sare ya ulinzi, kapakata mtoto wa miezi michache, chupa ya maziwa mfukoni, abiria wanampisha kiti. Hakuna aliyepiga picha. Labda tatizo letu ni kijiwe tu, dada, na mimi mwenyewe ni mwanakijiwe.

Kwa nini nasema hivyo: Jumapili ile mlipokuwa mnacheka hadharani, usiku nilipata ujumbe wa pembeni kutoka kwa wanaume watatu wa grupu hilihili. Siwataji. Mmoja ni kati ya mliocheka sana. Mke wake kajifungua kwa operesheni, haruhusiwi kuinama, mama mkwe anaumwa hajaweza kuja, dada wa kazi kaondoka, mtoto ana siku tisa. Saa saba za usiku ananiandikia: "Kaka, samahani, hivi kitoto kinaogeshwaje?"

Nilichomjibu nakiweka hapa, huenda kuna wa nne. Kama kitovu hakijadondoka usimzamishe, mfute tu kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, anza na uso. Kitovu kiache kikavu, usipake mafuta wala majivu, hata akikwambia nani. Kikishadondoka, weka maji kidogo kwenye beseni, yapime kwa kiwiko, kiganja kinadanganya. Taulo litangulie kuwa tayari kitandani. Mkono wa kushoto upite chini ya shingo, vidole vimshike kwapani upande wa pili, hapo hakuponyoki. Mkono wa kulia ndio unaoogesha. Kwenye mikunjo ya shingo kuna maziwa yaliyoganda, yatoe polepole. Atalia sana, mpaka utadhani unamuua. Endelea, na umwongeleshe. Usimwache hata sekunde moja ukachukue sabuni.

Ukikwama nipigie kwa video, niko macho. Wangu anaota magego.