Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mwamba Uliolowa Huvunjika Upesi?

Swali: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba jiwe lililolowa huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko jiwe kavu la aina ileile. Je, maji hulisukuma jiwe kutoka ndani, au hulifanyia jambo jingine? Na inakuwaje jabali likae na ufa miaka nenda miaka rudi, kisha liporomoke siku isiyo na mvua wala tetemeko?

Jibu: Ndugu msomaji, maji hufanya yote mawili, ila lile la pili ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linalojibu sehemu ya mwisho ya swali lako.

Hakuna mwamba usio na kasoro. Hata graniti inayoonekana imara ina nyufa ndogo mno kati ya chembe zake. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza, kwa majaribio ya kioo, jinsi nyufa ndogo za aina hiyo zinavyopunguza uimara wa kitu kigumu: mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa, kama kitambaa kilichotiwa mkasi kidogo kinavyochanika kuanzia pale palipokatwa. Kwa hiyo uimara wa mwamba huamuliwa kwenye ncha hizo nyembamba, ambako vifungo vya atomi vimevutwa karibu na kikomo chake. Hapo ndipo molekuli ya maji inapoingia. Katika kwatzi na madini mengine ya jamii ya silika, silikoni hushikamana na silikoni nyingine kupitia oksijeni iliyo katikati. Kifungo hicho kikiwa kimevutwa, maji huungana nacho na kukikata, na kila upande ukabaki na oksijeni na haidrojeni yake, bila kushikana tena na mwenzake ila kwa mvuto dhaifu. Ufa umesogea hatua moja ya atomi, kwa mkazo ambao mwamba mkavu ungeuhimili. Wala si lazima mwamba uwe umezama majini, kwani mvuke uliomo hewani unatosha kuifanya kazi hiyo.

Mwendo huo huwa wa polepole kiasi kwamba jicho haliwezi kuuona, lakini hutegemea mkazo kwa namna ya ajabu: katika miamba mingi iliyopimwa maabara, kuongeza mkazo kwa asilimia 10 tu kunaweza kuzidisha kasi ya ufa mara kumi au zaidi. Kwa kuwa ufa unaporefuka mkazo kwenye ncha yake nao huongezeka, kasi hujichochea yenyewe hadi mwamba unapokatika ghafla. Siku ya kuporomoka haihitaji kisababishi kipya, kwa sababu kazi ilikuwa ikiendelea muda wote.

Msukumo nao si mdogo. Ufa wima uliojaa maji hadi kimo cha mita 30 husukumwa pale chini kwa takriban tani 30 kwa kila mita ya mraba, na msukumo huo huzipunguzia kuta za ufa ule mgandamizo unaozizuia zisiteleze. Mfano wa kusikitisha ni Vajont, kaskazini mwa Italia, ambako bwawa lilijengwa chini ya mlima Toc. Ziwa lilipojazwa, maji yalipenya chini ya ubavu wa mlima, wenye matabaka ya chokaa yaliyotenganishwa na utando wa udongo mfinyanzi, na ubavu huo ukaanza kusogea kidogo kidogo. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, takriban mita za ujazo milioni 260 za mwamba ziliteleza na kuingia ziwani. Wimbi likaruka juu ya ukuta wa bwawa, na watu karibu 2,000 wakafa. Ukuta wenyewe ulibaki umesimama. Naona jambo hilo lastahili kufikiriwa na kila mhandisi: kilichoshindwa hakikuwa zege, bali mwamba uliodhaniwa kuwa utatulia.

Swali: Shuleni tulifundishwa kwamba maji yakiganda hutanuka na kulipasua jiwe. Je, hayo ndiyo maelezo yote?

Jibu: Ni kweli kwamba maji hutanuka kwa asilimia 9 hivi yanapoganda, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa ufa ulio wazi huyaachia maji nafasi ya kutokea. Mmarekani Stephen Taber alionyesha, karibu na mwaka 1930, kwamba udongo huinuliwa na baridi hata ukiloweshwa kwa benzini, kimiminika ambacho husinyaa kinapoganda. Kinachofanya kazi kubwa ni barafu kuyavuta maji ambayo bado hayajaganda, yanayopita katika utando mwembamba kandokando ya chembe, na kuendelea kukua huku ikiusukuma ufa. Katika miamba mingi hali hiyo hustawi zaidi kati ya nyuzi 3 na 8 chini ya sifuri, ikiwa maji yanaendelea kupatikana.

Swali: Mwamba ukikauka, nguvu zake hurudi?

Jibu: Hurudi kwa sehemu tu. Msukumo wa maji huondoka, na ufa hupunguza mwendo, lakini urefu ulioongezeka haufutiki. Miamba yenye udongo mfinyanzi huumia zaidi kwa kulowa na kukauka mara kwa mara, kwa sababu udongo huo huvimba na kusinyaa. Nyufa huweza kuzibwa na madini yanayoachwa na maji yenyewe, kama ile mishipa meupe ya kwatzi inayoonekana katika majabali, ila hiyo ni kazi ya muda mrefu mno. Ndiyo maana wahandisi hutoboa matundu ya kutolea maji kwenye miteremko ya miamba, na bado huendelea kupima upana wa nyufa: matundu huondoa msukumo, lakini hayauondoi mvuke ulio hewani.