Jibu: Je, kununua Bitcoin ni halali?

Wa alaykumu salaam ndugu. Umeuliza kama Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, ni halali, na kama ukiinunua utatoa zaka. Wanazuoni hawajakubaliana, kwa hiyo anayekwambia kuna ijmai (makubaliano ya wanazuoni wote) anakudanganya.

Mwaka 2018 Mufti wa Misri, Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuiharamisha kwa sababu ya gharar (biashara yenye utata na hatari isiyojulikana), udanganyifu na kukosa usimamizi wa serikali. Malaysia wakaenda njia nyingine: mwaka 2020 baraza la sharia la mamlaka yao ya masoko ya mitaji liliruhusu biashara ya mali za kidijitali kwenye masoko yaliyosajiliwa. Indonesia, Novemba 2021, baraza la maulamaa (MUI) lilikataa isitumike kama fedha, ila likaacha mlango kwa sarafu ya kidijitali yenye manufaa ya wazi na msingi wa mali nyuma yake.

Mimi naona swali zito zaidi ni unaifanyia nini. Kununua kwa pesa yako, ukaimiliki kweli, hapo ndipo wanazuoni wanapohitilafiana. Lakini kukopa kwa riba kwenye programu ili ubashiri bei itapanda au itashuka, bila kumiliki chochote (na vijana wengi wanaita hiyo “kutredi”), hiyo inanuka riba na kamari, iwe Bitcoin au mahindi.

Zaka: wanaoihesabu Bitcoin kuwa mali wanasema ikifika nisabu (kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka), yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka wa hijria ukapita, toa asilimia 2.5 kwa bei ya siku hiyo.