Mrija wa Teflon unaochomoka kwenye printa ya 3D

Swali: Fundi, nimejiundia printa ndogo ya 3D ya mezani. Ule mrija mweupe unaopeleka filamenti (uzi wa plastiki) kutoka kwenye mota ya kusukuma hadi kichwani huchomoka kila nikichapisha kitu kirefu. Nimeupaka supa gluu mara mbili, haikushika. Nifanyeje?

Jibu: Supa gluu achana nayo. Teflon ndiyo ile ile iliyopakwa kwenye kikaango kisichogandisha mayai. Mrija huu hung'atwa, haubandikwi.

Ushike karibu na kiungo, kile kipande chenye meno ndani kinachoung'ata mrija, uvute, usukume. Ukicheza hata milimita moja, umepata mchawi. Mota ikisukuma filamenti, mrija hupanda. Ikiirudisha nyuma, hushuka. Panda shuka hiyo hula meno ya kiungo, tena kule kichwani huacha upenyo juu ya nozeli, ile ncha inayotoa plastiki. Plastiki iliyoyeyuka hujaa humo, ikipoa inaziba.

Kata ncha iliyochubuliwa na meno, kama sentimita moja. Tumia wembe mpya, ukate wima, bila mshazari. Koleo huubana mrija ukawa kama yai. Pasha kichwa nyuzi 200, legeza nozeli robo mzunguko, sukuma mrija mpaka uguse chini, kisha kaza nozeli iubane kwa juu. Vaa glavu. Mwisho inua ile kola (pete ya juu) ya kiungo na uchomeke klipu chini yake. Hicho kiklipu wengi hukitupa pamoja na mfuko wa vifaa, kumbe ndicho kinachozuia mrija usicheze.

Kama huna kiungo kizuri, tafuta nati ya M4. Mrija una milimita 4 kwa nje na tundu la nati ni dogo kuliko hapo, kwa hiyo nati hujichongea njia yenyewe ukiizungusha kwa spana ya 7. Kwanza ingiza ndani ya mrija shina laini la keekee ya milimita 2, la sivyo tundu litabanwa na filamenti itakwama. Kisha ibane nati chini ya kibati chenye skrubu mbili. Si pambo, lakini printa yangu ya kwanza imefungwa hivyo upande wa mota na sijawahi kuigusa tena.

Ukishafunga, piga alama ya kalamu kwenye mrija, pale unapoingilia kwenye kola. Chapisha saa mbili, urudi kuiangalia. Alama ikiwa imepanda juu ya kola, kiungo hicho kimekwisha. Nunua kingine, chenye meno ya chuma.