Jibu: Kwa nini Exxon na Mobil ziliungana?

Ndugu, umeuliza kwa nini kampuni hizi mbili za mafuta za Marekani ziliungana wakati kila moja ilikuwa na visima, viwanda vya kusafisha na vituo vyake. Bei ndiyo iliyowasukuma. Mwaka 1998 pipa la mafuta ghafi, yaani lita 159, lilikaribia dola 10, ikabidi wabane gharama kwa kuungana.

Watu hudhani kiwanda cha kusafisha humkinga mwenye visima. Kwa kiasi tu. Ghafi ikishuka, kiwanda hununua kwa nafuu, ila faida yake ni tofauti kati ya bei ya ghafi na ya petroli na dizeli. Mahitaji yakianguka, nayo husinyaa. Ndivyo ilivyokuwa 2020: ExxonMobil, kampuni iliyotokana na muungano huo, ilipata hasara ya dola bilioni 22.4, ingawa sehemu kubwa ilitokana na kushusha thamani ya mali zake za gesi.

Serikali ya Marekani iliridhia muungano 1999 kwa sharti wauze vituo 2,431 na kiwanda cha Benicia, California. Sharti la haki kabisa, maana zote mbili zilitokana na Standard Oil, kampuni ya mafuta ya tajiri Rockefeller, iliyovunjwa vipande 34 kwa hukumu ya mwaka 1911 kwa sababu ya kuhodhi soko.

Ukisoma hesabu zao, tazama faida ya visima na ya usafishaji kila moja peke yake. Jumla huficha mengi.