Kuchunguza chakula cha taa wanaoletwa Feri

Mdogo wangu, umeuliza kama matumbo ya taa, wale samaki bapa wenye mabawa mapana, wanaoletwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, yanatosha kwa utafiti wako wa chakula chao, au ni lazima ununue samaki wazima. Yanatosha, na nakusihi usiagize hata taa mmoja avuliwe kwa ajili yako, kwa kuwa samaki hawa huzaa watoto wachache na huchelewa kukomaa.

Fika alfajiri. Chakula huendelea kulainika tumboni hata baada ya samaki kufa, kwa hiyo weka tumbo kwenye barafu papo hapo, kisha ulihifadhi katika alkoholi ya asilimia 70. Kabla samaki hajakatwa, tambua spishi na jinsia yake, pima upana kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, na umuulize mvuvi kama alitumia jarife (wavu wa matundu makubwa) au mshipi, maana taa wa ndoana huenda amemeza chambo, nacho hakihesabiwi kuwa chakula chake.

Usitarajie kukuta kaa mzima: taa wengi husaga mawindo, hivyo chini ya hadubini utaona ncha ya gando, jicho la kamba au kipande cha kombe, na hapo ndipo subira inapohitajika. Matumbo matupu yaandike pia. Endelea kukusanya, kila spishi peke yake, mpaka matumbo mapya yasiongeze aina mpya ya mawindo.

Tahadhari na mwiba wa mkiani. Sumu yake hudhuru hata taa akiwa amekufa.