Kwa kijana saisi anayeitamani Aintree

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana anayefanya kazi ya usaisi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Swali lake lilikuwa moja tu, kuhusu Grand National, zile mbio kubwa za farasi wa kuruka vizuizi zinazokimbiwa Aintree, Uingereza: "Kaka, nifanyeje na mimi nifike Grand National kama wewe?" Nimekaa nalo siku tatu, maana limenigusa mahali ambapo bado pananiuma.

Mimi ni mtoto wa Lamu. Nilianza na punda wa marehemu babu, nikapita Ngong, kisha Mungu akanifungulia mlango wa Uingereza, kwenye zizi moja la farasi wa kuruka vizuizi. Habari za viza na baridi ya mwaka wa kwanza naziacha. Kila aliyehama anazijua.

Kijana, hizi si mbio za tambarare ulizozoea. Aintree, pale Liverpool, farasi wanakimbia tangu 1839: karibu kilomita 7, mizunguko miwili, vizuizi 30 vilivyofunikwa matawi mabichi ya jamii ya msonobari. Kimoja kinaitwa Becher's Brook, kwa jina la Kapteni Martin Becher, aliyeangukia kijito cha pale mwaka huohuo wa kwanza. Upande wa kutua uko chini kuliko upande wa kurukia, kwa hiyo farasi anashuka akitafuta ardhi iliyokuwa hapo sasa hivi. Na farasi hufa Aintree, sitakuficha. Ndiyo maana mwaka 2024 walipunguza farasi kutoka 40 hadi 34, na kizuizi cha kwanza wakakisogeza karibu na mahali pa kuanzia, wasikifikie wakiwa wameshika kasi kubwa.

Farasi ninayempenda kuliko wote sikuwahi kumwona: Red Rum. Alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa kwato. Mwalimu wake, Ginger McCain, alikuwa akimfanyisha mazoezi kwenye mchanga wa ufuo wa Southport na kumwingiza baharini. Farasi yule alishinda mwaka 1973, 1974 na 1977, na miaka miwili ya katikati akawa wa pili. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza machozi yalinitoka. Babu yangu kila magharibi alikuwa akiwapeleka punda wake waliovimba miguu kusimama kwenye maji ya bahari, na watu wakimwona mzee asiye na kazi!

Mwaka ule wa 1973 usiusahau. Farasi aliyeitwa Crisp alipangiwa kubeba kilo 76, mpandaji na tandiko vikiwemo, Red Rum kilo 66. Crisp akaongoza mbali mno, akaruka kizuizi cha mwisho peke yake, zikabaki kama mita 450. Pale akaanza kuyumba. Red Rum akampita hatua za mwisho kabisa, kwa robo tatu ya urefu wa farasi.

Sasa yangu. Farasi wangu nilimtunza miaka minne. Kila alfajiri, kabla ya chakula, kabla ya brashi, nilipitisha mgongo wa mkono kwenye kano za miguu yake ya mbele. Wiki sita kabla ya mbio nikahisi joto mguu wa kushoto, dogo sana, kama kikombe kilichomwagwa chai muda si mrefu. Niliambiwa hakuna kitu. Nikashikilia. Daktari alipoitwa alichomoa ncha ya mwiba wa ua, fupi kuliko punje ya mchele. Akapumzishwa siku kumi, akapona. Angekimbizwa siku ile, asingeiona Aintree.

Siku ya mbio nilimsuka shingo nzima, nikamng'arisha hadi ukiona kivuli chako ubavuni mwake. Zimebaki dakika chache tuingie uwanjani, bosi akaichukua kamba ya kumwongozea farasi mkononi mwangu akampa kijana mwingine, "anayejua kuongea na waandishi." Mimi nikapewa ndoo mbili za maji. Nilisimama nyuma ya watu nikimwona farasi wangu akizungushwa, masikio yakigeuka huku na huku, ananitafuta.

Alimaliza wa tisa, mzima. Aliporudi akifuka mvuke, aliipita ile kamba na mwenye kamba, akaja kunisukuma kifuani kwa kichwa mbele ya wote. Nikammwagia maji. Sikusema neno, na hadi leo sijaambiwa samahani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jifunze miguu. Jifunze miguu kwanza, mengine yatafuata. Na kabla hujakubali kazi, hakikisha imeandikwa ni nani atakayemwongoza farasi siku ya mbio, usiridhike na ahadi ya mdomo kama nilivyofanya mimi. Kamari usiiguse: ukimwekea pesa farasi unayemtunza, utaanza kuliona joto la mguu kuwa si joto. Vijana wa leo mnataka picha na bingwa kabla hamjafagia zizi lake. Fagieni. Farasi hajui wewe umetoka wapi wala pasipoti yako ni ya rangi gani, anajua mkono uliomshika alfajiri.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza kesho. Kabla hujamlisha, pitisha mgongo wa mkono kuanzia goti kushuka, miguu yote miwili, polepole. Kisha niandikie ulichohisi.