Je, zaka na sadaka ziende kusomesha watoto wa nchi nyingine?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Sisi watu sita tunataka kuanzisha jumuiya ya kuwalipia karo watoto mafukara wa nchi nyingine. Mimi mwenyewe niliacha shule kwa kukosa karo. Imamu wetu amekataza: zaka haivuki mpaka, na sadaka ya mbali ni ria, yaani kujionyesha. Wenzetu wawili wameshajitoa. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Hao wawili waliojitoa ndio walionitia uchungu, ndugu yangu.

Imamu wenu amechanganya mambo mawili. Mipaka inayojadiliwa na mafakihi, wanazuoni wa sheria, ni ya zaka. Sadaka ya hiari mpe fukara popote alipo. Jamaa na jirani wana haki ya kutangulizwa, lakini kutanguliza si kuharamisha. Ama ria, huyo imamu ameuonaje moyo wako? Mwenye kutafuta sifa humpa anayekutana naye sokoni, si mtoto asiyeijua hata sura yake.

Kwenye zaka ana pa kusimama, nami simdhulumu. Mtume (s.a.w.) alipomtuma sahaba wake Muadh Yemen alimwambia zaka huchukuliwa kwa matajiri wao ikarudishwa kwa mafukara wao, na kauli yenye kutegemewa katika madhehebu ya Shafi ni kutoihamisha. Lakini wapo waliofahamu "wao" kuwa ni Waislamu wote. Tena Bukhari, katika mlango wa zaka, ametaja kwamba Muadh huyo huyo aliwaomba watu wa Yemen nguo badala ya shayiri na mtama, kwa kuwa ni wepesi kwao na bora kwa masahaba walioko Madina. Basi si zilisafiri? Wa madhehebu ya Hanafi huona karaha tu, si haramu, nayo huondoka akiwepo jamaa au mwenye shida zaidi. Na Ibn Ujayl wa Yemen, Mshafi huyo, alitoa fatwa ya kuruhusu kuihamisha kinyume na madhehebu yake. Wasomaji wa vitabu vyetu wanamjua. Sijui kwa nini wakipanda mimbari humsahau.

Kwa hiyo inafaa, kukiwa na haja kubwa huko. Zaka apewe Mwislamu fukara, kwa idhini ya walii wake, yaani msimamizi wake, kwani zaka ni lazima imilikishwe, iwe mali ya anayepewa. Madarasa jengeni kwa sadaka. Mishahara yenu msiikate kwenye zaka: nyinyi ni mawakala wa watoaji, si wale "wenye kuitumikia" wanaowekwa na mtawala. Hesabu za zaka ziwe mbali na za sadaka.

Sasa nikunong'oneze. Anzeni na watoto mnaoweza kuwafikisha mwisho, hata wakiwa watatu. Kumtia mtoto darasani kisha kumkatia karo katikati, uchungu wake unaujua kuliko mimi. Wala msisambaze picha zao wakipokea madaftari. Qur'ani imesema sadaka huharibiwa kwa masimango na maudhi, na mtoto huyo kesho atakuwa mtu mzima mwenye haya zake.

Rudini kwa imamu kwa adabu, mumwombe awe mkaguzi wa hesabu zenu. Na wale wawili wapelekeeni jibu hili kabla hamjaandikisha jumuiya.

Wallahu aalam.